Mlango Wenye Taa ya Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Mimi nimezaliwa na bahati. Wenzangu wanaitafuta, mimi inanitafuta yenyewe, na kwangu inapajua. Jana mwenye duka la gemu alichanganya karatasi arobaini za majina, tulizotumbukiza wenyewe ndani ya ndoo, akazamisha mkono, akatoa jina langu. Kati ya arobaini! Zawadi: gemu mpya ya anga za juu, ya mchezaji mmoja, pamoja na mashine yake, nikae nayo wiki nzima. Sharti: niandike uzuri wake na udhaifu wake, karatasi ibandikwe kwenye kioo cha duka. Ikimpendeza, kila Jumamosi nitakaa pale kama mshauri wa wateja. Kukaa, jamani, baada ya miaka kumi na miwili ya kusimama nyuma ya vichwa vya watu.

Mke wangu aliuliza kama kazi nimeshapata. Nikamwambia aihesabu imepatikana. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kwa wiki mbili (hii ni ya tano), alisema hataondoka kabla hajaniona kwenye hicho kiti.

Kibanda nimekifunga. Mlangoni nimeandika: Kinyozi yuko angani.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza. Maelezo ya mwanzo marefu mno, nimeyaruka yote. Mtu aliyetembea kama mimi hasomi maelekezo.

Uzuri: picha. Chombo kinang'aa hadi unaona alama za vidole kwenye vyuma, na dirishani sayari nyekundu inajigeuza taratibu. Udhaifu: shujaa mwenyewe. Kalala miaka arobaini ndani ya sanduku la barafu, kaamka pembeni kanyolewa safi na ndevu zimechongwa. Nani kamnyoa? Kwa mashine gani? Nilikasirika hadi chai ikapoa. Watu wanaunda sayari nzima, wanashindwa kuuliza kinyozi mmoja.

Jioni mama mkwe alitaka runinga aone utabiri wa hali ya hewa. Nikampisha. Hana safari yoyote.

Jumatano, 5 Machi

Bado niko ukumbi wa kwanza wa chombo. Kuna masanamu matatu ya bati. Nayapiga risasi, yanaanguka, yanasimama tena. Kuna roboti inanifuata ikinionyesha namna ya kuruka, utadhani nimezaliwa jana. Mbele kuna mlango wenye taa ya kijani. Nabonyeza, taa inapepesa, mlango haufunguki. Nimebonyeza mara mia mbili. Nimebonyeza kwa adabu, nimebonyeza kwa kushtukiza. Nimeutupia bomu.

Mke wangu, aliyekuwa kwenye cherehani yake, aliuliza kama pengine yale maelezo niliyoyaruka yalikuwa na neno kuhusu milango. Nikamjibu kuwa maelezo ni ya watu wanaonunua pasi za umeme.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshaelewa. Nyuma ya mlango hakuna kitu. Gemu yenyewe ndiyo hiyo, ukumbi mmoja. Wizi wa mchana kweupe.

Nimeandika kwa hasira ya haki: "Uzuri: picha, na mlio wa bunduki unaoshibisha. Udhaifu: ulimwengu wake unalingana na sebule yangu. Maadui ni watatu na hawana nia mbaya. Hadithi hakuna. Tena ni ya mchezaji mmoja, na huo ni uchoyo. Nyumba ina watu watatu. Wawili wakae wakimtazama wa tatu akigonga mlango?"

Nikaipeleka siku mbili kabla ya Jumamosi, ili mwenye duka ajue kapata mchapakazi. Alikuwa na wateja wengi, akaibandika bila kuisoma.

Ijumaa, 7 Machi

Niliporudi kutoka kununua mkate nilimkuta mama mkwe kashika pedi ya gemu. Alidhani ni rimoti, anatafuta hali ya hewa. Kidole gumba chake kizito, kikishuka mahali hakiondoki upesi. Akabonyeza mlango, akatulia hapohapo kama anayesubiri simu ipokelewe. Mlango ukafunguka.

Nyuma yake kulikuwa na sayari. Misitu ya buluu, miji inayoelea, wanyama wa chuma wenye ukubwa wa mtaa. Ule ukumbi ulikuwa wa mafunzo.

Mama mkwe aliniuliza kwa upole, eti baba, siku zote tatu nilikuwa nafanya nini pale mlangoni. Nikamwambia nilikuwa nalinda.

Ndipo nikakumbuka karatasi. Nilikimbia na ndala mguu mmoja. Nimechelewa. Watu wamejaa mbele ya kioo, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wameshika mbavu. Mteja wangu wa miaka sita, yule mwenye upara wa kisogoni, aliniuliza kama hata nyumbani huwa nasubiri kufunguliwa mlango. Kichwa hicho nimekitunza kama yai!

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe kakesha, sasa yuko sayari ya tatu. Anasema uzuri ni ramani inayoeleweka, na roboti yenye malezi. Udhaifu: majitu ya mwishoni mwa kila sayari yanapigana kwa mtindo uleule, na shujaa anatumwa huku na huko kubebea watu mizigo, hakuna anayesema asante. Mke wangu aliandika, akapeleka asubuhi na mapema. Mwenye duka kampa mama mkwe kile kiti. Kila Jumamosi. Maana yake haondoki tena.

Nilinuna hadi saa nne asubuhi. Kisha nikamfuata dukani na mto wa kukalia. Kile kiti ni kigumu.

Jumapili, 9 Machi

Mwezi ujao ndoo inarudi, safari hii gemu ya mbio za magari. Nasikia maelezo yake ni marefu zaidi. Nitayaruka.

Mke wangu alinikuta nakata karatasi, akauliza mtu mwenye bahati kama yangu anazikatia nini zote hizo. Nikasema ni za kibandani. Humu hasomi mtu, kwa hiyo niseme. Zile karatasi arobaini, thelathini na nane zilikuwa na jina langu. Bahati sina. Nina mkasi.