Vikopo Arobaini vya Lupepo

Jumatatu, 9 Juni 2025
Tukuyu. Baridi ya kuvunja mifupa, ukungu mpaka kwenye kioo cha dirisha. Nimeamka na masweta mawili na chuki moja. Chuki ni ya Dk. Pudensiana, mwenzangu katika mafunzo ya ubingwa bobezi wa magonjwa ya tumbo na ini. Mwaka wetu tuko wawili tu. Profesa Modesta ametuleta kambini huku: asubuhi wagonjwa na kamera ya kuchungulia tumbo, mchana utafiti wa vidonda vya tumbo vijijini. Kila mmoja vikopo arobaini vya choo, kaya arobaini. Yeye Masukulu, mimi Lupepo. Asiyefikisha hesabu Ijumaa anarudia mwaka. Profesa anasema bingwa asiyejua kutafiti ni fundi tu. Sioni ubaya wa kuwa fundi. Fundi hazunguki kuomba watu vinyesi.

Jioni. Nimetembelea kaya tatu. Agizo la Profesa ni ukaribishwe, ukae, uulize habari za tumbo, ukipewa chakula ule. Nimekula ndizi mara tatu, maziwa mgando mara tatu, parachichi sikumbuki. Vikopo nilivyopata: sifuri. Wote wamesema nirudi kesho, choo hakitoki kwa amri. Kwa mwendo huu nitamaliza Krismasi, nikiwa na kilo mia na ishirini.

Jumanne, 10 Juni
Akili ni mali. Nimempelekea vikopo vyote arobaini na fomu zake Mzee Ambokile, mzee wa kanisa. Anamjua kila mtu Lupepo. Agawe, akusanye, nipitie Alhamisi. Nikamsisitizia kuwa vinakwenda kwa Profesa mkubwa wa Dar es Salaam, wasiniangushe. Mzee akavua kofia. Akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na tangu enzi za babu zake Lupepo haijawahi kumpa mgeni kitu kibaya. Nikampongeza kwa msimamo huo. Nilikuwa nimerudi kitandani saa tano.

Jumatano, 11 Juni
Pudensiana amerudi jioni, tope hadi magotini, na vikopo sita tu vya leo. Sita! Eti kaya ya nne alimkuta bibi mwenye macho ya manjano, ikabidi amlete hospitali kwanza. Nilimwambia kwa upole kwamba hayo ndiyo yanayomchelewesha. Akaenda wodini kumwangalia bibi. Ana kiburi yule dada.

Mimi nimeandika ukurasa wa shukrani wa andiko langu. Nimejishukuru mara mbili, ya kwanza nimeifuta.

Alhamisi, 12 Juni
Vikopo vyote arobaini! Vimefutwa vikang'aa, vimepangwa kwenye kapu, juu kitambaa cha kufuma. Mzee Ambokile alinikabidhi kwa mikono miwili. Rangi moja vyote, ugumu mmoja. Nimeandika daftarini: wakazi wa Lupepo wana mlo unaofanana kwa kiwango cha kushangaza.

Majibu ya maabara: hakuna bakteria wa vidonda, hakuna damu, hata kikopo kimoja. Yohane wa maabara alinitazama weee, akauliza kama nilivikusanya mwenyewe. Nikamjibu wivu hauna dawa. Huu ni ugunduzi. Pengine ni zile ndizi, pengine maji ya mlimani. Nimempelekea Profesa habari kwa WhatsApp. Amejibu kwa alama moja ya kuuliza. Bila shaka amekosa maneno.

Ijumaa, 13 Juni
Siku mbaya. Asubuhi wameleta mama anayetapika damu, presha iko chini kabisa. Anaitwa Winfrida, mkulima wa chai. Profesa akaniamuru nishike kamera, Pudensiana asimamie damu ya kuongezewa. Nikakiona kidonda, na mshipa katikati unavuja. Nikajaribu kuufunga, nikaukosa mara mbili. Profesa akaichukua kamera, akaufunga ule mshipa. Mama amepona, lakini ilibaki kidogo sana.

Ndipo nikaangalia jalada lake. Anatoka Lupepo. Kwenye orodha yangu ya utafiti ni kikopo namba kumi na saba. Mwandiko wangu: hakuna damu. Niliogopa. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.

Jioni mama alipopata nguvu, Profesa alimuuliza ameona choo cheusi, yaani chenye damu, tangu lini. Akasema wiki tatu. Na kile kikopo je? Mama akageukia ukutani kwa aibu. Akasema angewezaje kumpa mgeni kitu cha namna ile. Walikaa kikao na Mzee Ambokile, wakakubaliana wamtafute mtu mwenye tumbo zuri kuliko wote, akapatikana Fred, mwimba besi wa kwaya, ambaye hajawahi kuumwa hata minyoo. Vikopo vyote arobaini ni vya Fred. Alijitahidi siku mbili, majirani wakimpikia kwa zamu. Mama akaomba radhi kama havikutosha.

Profesa hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu kwamba ningekaa nyumbani kwa mama yule nikala ndizi zake, angeniambia mwenyewe. Amenipa wiki moja nirudie, kaya kwa kaya. Pudensiana ana thelathini na nane, akaongezewa siku mbili kwa sababu ya yule bibi wa manjano. Nimelia kidogo bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa.

Jumatano, 18 Juni
Nimetafakari siku tano na kosa nimeliona. Utaratibu haukuwa na tatizo. Mtu ndiye hakufaa, na maelekezo yalikuwa mabaya. Mzee wa kanisa atachagua mema siku zote, ndiyo kazi yake. Kwa hiyo leo vikopo nimempa Bwana Nsajigwa, mwenyekiti wa kitongoji, mtu wa serikali. Nikamweleza bila kuzunguka: safari hii sitaki vizuri. Nataka vyenye ugonjwa, tena ugonjwa wa kweli, arobaini, kabla ya Ijumaa.

Alifikiri kidogo, akasema linawezekana kabisa, nisiwe na shaka. Mama Winfrida ameruhusiwa jana, yuko nyumbani, na si mtu wa kuwanyima majirani. Nikamshukuru kwa taarifa. Inatia moyo kusikia mgonjwa wangu anaendelea vizuri.