Picha Ishirini za Kutazama Nyuma

Jumatatu, 2 Machi 2009

Pencho anapewa retrospektiva! Pencho! Mtu aliyegawa barua kwa baiskeli miaka thelathini, akastaafu, akaanza kuchora alizeti. Alizeti, alizeti, alizeti. Nimelisoma tangazo mlangoni pa Nyumba ya Utamaduni, damu ikanichemka. Nikaingia moja kwa moja kwa mkurugenzi, Bi Zlatina, nikamuuliza mimi nimemkosea nini.

Akanieleza taratibu, kama anayemlisha mtoto uji. Retrospektiva si maonyesho ya hivi hivi. Ni kutazama nyuma. Unatundika kazi za maisha yako yote, mwaka baada ya mwaka, watu wanapita wakiona ulikotoka. Picha ishirini, si chini ya hapo. Kila miaka kumi iwe na yake. Huwezi kutazama nyuma, akasema, kama hakuna ulikopita. Akauliza kama ninazo. Nikasema ninazo tele. Sikupepesa hata jicho.

Ninazo tisa. Zote za tangu mwaka juzi.

Za zamani nilizichoma. Baridi ya 1997, mkate ukipanda bei asubuhi na jioni, kuni hakuna, nikazitia jikoni moja moja. Fremu ziliwaka vizuri sana. Ile ya Nevyana akichuma zabibu niliiweka ya mwisho, nayo ikaenda. Ikanipa joto la nusu saa. Ningelijua! Lakini ndiyo hivyo, ningelijua huja nyuma.

Hata hivyo ukumbi uko wazi tarehe 14, na Pencho bado anasubiri fremu, basi nimeandikiwa mimi. Nimempiku!

Jumanne, 3 Machi

Sikukuu ya taifa. Bendera kila mahali. Mimi ndani, napiga hesabu za picha.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Retrospektiva siitaki kwa ajili ya Pencho tu. Naitaka kwa ajili ya Nevyana. Alikuwa mke wangu miaka kumi na miwili. Mwaka 1990 akafunga sanduku, akaenda kwa dada yake mjini Lom. Alisema mlangoni kwamba hajawahi kuniona nikimaliza kitu. Nilitaka kubisha, ila nilikuwa nimeshika sungura. Yalikuwa mambo ya sungura wakati ule. Baadaye uyoga. Baadaye konokono, mia nne, wa kuwauzia Wafaransa. Walitoroka wote nikiwa natafuta kifuniko. Niliwaona wakienda.

Basi aje. Aone ukuta mzima wa miaka, 1974 hadi leo. Aseme, Dimo, kumbe nilikosea. Neno hilo moja. Nimelingoja miaka kumi na tisa.

Mpango: nachora picha kumi na moja za zamani. Nina siku kumi na moja. Hesabu imejipanga yenyewe!

Jumamosi, 7 Machi

Picha sita tayari. Mbao nimezitoa kwenye kabati la marehemu baba. Mto Danube 1974. Punda 1976. Punda yuleyule 1979, amezeeka kidogo.

Kuzizeesha ni kazi. Chai nzito, tabaka mbili, kisha oveni yenye moto mdogo. Oveni yangu imekufa, natumia ya jirani, Mama Veska. Yeye huoka banitsa, mikate yake ya tabaka za siagi na jibini, kila alfajiri, mimi naingiza picha zinapotoka. Akaniuliza, mwanangu, huku ni kupika au kuchora? (Nina miaka hamsini na minane. Kwake bado ni mwanangu.) Nikamwambia ni siri ya usanii. Akasema siri inanukia siagi.

Jumapili, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Kila mwanamume mtaani ana ua mkononi na uso wa mshtakiwa. Mama Veska nimempa waridi. Nevyana nimempelekea mwaliko, kwa mkono wa dereva wa basi la Lom. Nimeandika mara saba. Mwisho nikaandika: Njoo. Dimo.

Neno lenyewe limeingia mjini kama mafua. Gancho wa buchani kaniambia kwamba akitazama kwa retrospektiva, asingeuza lile trekta. Mkewe akasema yeye akitazama kwa retrospektiva, asingemwoa mwenye trekta. Mama Veska kaita hivyo supu ya jana. Nikamsahihisha. Neno hilo si la supu, ni la kazi ya maisha. Akajibu supu ndiyo kazi ya maisha yake, na mbona nimekula bakuli mbili.

Jumatano, 11 Machi

Ya ishirini! Nimemaliza kitu!

Hii ni bora kuliko zote. Lango la Bibi Rada, mama yake Nevyana, kule mtaa wa juu. Nyumba haina mtu tangu alipofariki mwaka 1991. Nilisimama pale na ubao wangu siku nzima, kwenye tope. Nimechora mbao zilizopinda. Nimechora msumari aliokuwa akitundikia aproni yake. Nimechora hata karatasi ya marehemu iliyobandikwa langoni, yenye picha yake na utepe mweusi, ile mpya ambayo Nevyana huja kuibandika kila Machi. Herufi kwa herufi. Jicho la msanii haliruki kitu!

 Bibi Rada alinipenda kwa namna yake. Mazishi yake sikwenda. Nilikuwa na uyoga, na aibu, zaidi aibu.

Pembeni nimeandika 1983. Chai, oveni, tayari.

Jumamosi, 14 Machi

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa. Divai ya Gancho, hotuba ya Bi Zlatina. Nilisimama karibu na 1974, mikono nyuma, kama mtu mwenye historia. Pencho akaanza kunusa. Akanusa Danube. Akanusa punda wote wawili. Akatangaza kwa sauti kwamba jamani, mwaka sabini na tisa unanukia jibini, tena jibini ya leo asubuhi! Watu wakacheka. Nikacheka nao, nikaeleza kwamba mafuta ya rangi yakikaa sana huwa hivyo. Wengine wakaitikia.

Ndipo Nevyana akaingia. Koti la buluu. Mvi.  Akapita mwaka baada ya mwaka, haraka, hadi kwenye lango la mama yake. Akasimama.

Pencho naye akaenda kusimama nyuma yake, pua mbele, akaisoma ile karatasi kwa sauti: Miaka kumi na minane bila wewe, mama. Kisha akasoma mwaka pembeni: 1983. Kisha akahesabu kwa vidole, mhaini yule. Akauliza Bibi Rada alikufa lini hasa, maana yeye anakumbuka kumpelekea pensheni yake mwaka 1985, naye bibi akampa mfuko mzima wa kokwa za jozi. Kicheko kilichofuata sitakisahau. Bi Zlatina alikaa kwenye kiti bila kuangalia kama kipo. Kilikuwepo, namshukuru Mungu.

Nevyana hakucheka. Alikuwa analia. Watu walipokwisha kuelekea kwenye divai, akaniambia polepole kwamba hizo nyingine zote ni uongo na ananijua, lakini hapa nilisimama nikatazama. Akagusa ule msumari. Akasema hata yeye alikuwa ameusahau. Akaomba picha hiyo aitundike nyumbani. Sharti moja: nifute 1983, niandike mwaka huu. Nisiguse kitu kingine. Yupo nyumbani kwa mama yake hadi Jumapili tarehe 22, kwa ajili ya kumbukumbu. Atakuja kuichukua, na kama kuna kahawa, atakunywa.

Kahawa!

Alhamisi, 19 Machi

Nimefuta 1983. Brashi mkononi. Niandike 2009.

Nimeshindwa. Nimeutazama mwaka huo kwenye karatasi ya majaribio na unasema jambo baya. Unasema kwamba kwa miaka kumi na minane Dimo hakumkumbuka mama wa watu hata siku moja. Mkumbukaji wa kuchelewa. Hapana!

Nikapata wazo. 1991! Mwaka uleule. Ataona kwamba hata kama sikuonekana, nilikuwa nikiomboleza kwa siri, kwa wakati wake. Ila karatasi ya langoni inasema miaka kumi na minane. Jambo dogo. Nikaipaka, nikaandika upya: Siku arobaini bila wewe, mama. Sasa kila kitu kinakubaliana. Pencho ahesabu mpaka vidole vimwishe!

Nikairudisha kwenye oveni, kwa tahadhari. Mama Veska akaishika picha kwa mikono miwili, hakutaka kunirudishia. Akasema, mwanangu, mwanamke kakuomba kitu kimoja, mpe hicho kimoja. Nikamwambia haelewi sanaa. Akasema sanaa haelewi, kuombwa anaelewa.

Jumapili, 22 Machi

Alikuja saa nne. Keki ya jozi mkononi, na shuka jeupe la kufungia picha. Kahawa ilikuwa motoni. Nilikuwa nimenyoa.

Akaisoma karatasi. Akausoma mwaka. Akaniuliza siku ya arobaini nilikuwa wapi. Nikasema hapa. Akasema anajua. Aliniwekea kiti mezani siku ile, karibu na cha dada yake, na kila mtu aliyetaka kukikalia alimwambia kina mwenyewe. Kilibaki tupu hadi walipoondoa sahani. Machozi yangu hakuwahi kuyadai, akasema. Alitaka mwaka mmoja tu wa kweli.

 Nikauliza kama anatia sukari.

Akalikunja lile shuka, akalirudisha mkobani. Keki akaiacha. Nilimwangalia dirishani hadi kona ya duka la mikate. Hakugeuka. Kahawa ikafurika, ikazima jiko.

Nimekaa mbele ya picha hii tangu wakati huo. Nimelia, naandika bila kuficha. Kiti chenye jina langu, na mimi nilikuwa nalinda uyoga. Bibi Rada angekuwa hai angenipigia kelele tu, kisha angenipa supu.

Na kosa langu sasa naliona wazi kabisa. Lilikuwa mwaka! 1991 kila mtu anakumbuka kwamba sikuwepo. Ningeandika 1992. Mwaka mmoja bila wewe, mama. Mwaka huo hakuna aliyeniwekea kiti popote.

Rangi ya mwaka 1992 haijakauka vizuri. Basi la Lom linaondoka kesho saa mbili asubuhi.