Jina Moja, Wajomba Wawili

Jumatano, 6 Agosti 2025

Dada yetu Ntinyari amejifungua huko Arusha. Mvulana tena. Wa nne! Nilipata habari nikiwa dukani Makutano, kiatu kimoja cha mteja mkononi, na papo hapo nikaanza kupiga hesabu. Wa kwanza aliitwa jina la babake Mwaniki, mume wa dada. Wa pili jina la baba yetu, marehemu. Wa tatu jina la ndugu ya Mwaniki. Wa nne ni wa mjomba, ndugu ya mama. Ndivyo tunavyofanya Meru, na kwa akina Mwaniki kule Runyenjes ni vivyo hivyo. Mjomba mkubwa ni nani? Mimi, Kathuri.

Kisha dada akatuma sauti kwenye grupu ya familia. Anasema wajomba ni wawili, naye hajaamua ni yupi. Hajaamua! Mimi ndiye mkubwa. Kiunga alizaliwa nyuma yangu, aheshimu foleni.

Watoto wangu ni wasichana, hakuna aliyeolewa. Mpaka leo hakuna mtoto hata mmoja duniani anayebeba jina langu. Linaniuma. Nikifa leo, jina linazikwa nami.

Shida ni kwamba mimi na Kiunga huu ni mwaka wa tatu hatusalimiani. Chanzo ni mti wa avokado ulio mpakani mwa mashamba yetu. Mizizi iko kwangu, matunda yanaangukia kwake.

Mpango: nimeandika kwenye grupu kwamba kusafiri pamoja nje ya nchi huimarisha familia, kwa hivyo twende sote tukamwone mtoto. Kiunga atakataa. Nitaonekana mtu wa amani, yeye mtu wa kinyongo, na jina litakuwa langu. Mama amenipigia simu akilia kwa furaha.

Alhamisi, 7 Agosti

Kiunga amekubali. Tena anatoa gari lake. Mtu mbaya sana.

Kagwiria, mke wangu, amesikia kwamba Kiunga amepakia unga wa uji wa wimbi, ndizi za kupika na mtungi wa asali. Vitu vya mzazi kabisa. Dada akiushiba ule uji, nimekwisha.

Lakini nimempiku. Nimeenda sokoni Gakoromone kwa mzee anayefunga miraa ya heshima, ile ambayo Wameru hupeleka kwa kina msichana posa inapoanza. Imepangwa kijiti kwa kijiti, imefungwa kwa majani ya mgomba. Aliyepokea kifurushi kama hicho hawezi kukwambia hapana bila aibu. Nitamkabidhi Mwaniki mbele ya watu, halafu nitataja jina.

Kagwiria ameniuliza kama hiyo kitu inaruhusiwa Tanzania. Nimemwambia tangu lini majani yakahitaji pasipoti. Akarudi jikoni. Nimemshinda na yeye.

Ijumaa, 8 Agosti

Tuliondoka alfajiri. Mama mbele na Biblia yake, Kiunga kwenye usukani, mimi nyuma na kifurushi ndani ya koti. Mpaka Kitengela tulizungumza kupitia Mama. Mwambie huyo afunge dirisha. Mwambie huyo dirisha ni la gari langu. Mama akasema yeye si simu.

Namanga, Kiunga akaenda kushughulikia karatasi za gari. Mama akaketi kivulini. Nikaenda kununua maji kwa mama mmoja mwenye kibanda. Akaona majani ya mgomba yakichungulia kwenye koti langu. Akaniuliza kwa upole kama nina watoto. Nikasema ninao. Akasema basi nisivuke na hiyo kitu, ng'ambo ile mtu hufungwa jela kwa ajili yake, na askari wa huko hawana mchezo nayo. Nikarudi mbio kwenye gari.

Wazo la kwanza: begi la Kiunga. Naliandika kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Nilikuwa nimeshafungua zipu aliponitokea nyuma. Akakitazama kifurushi. Akanitazama mimi. Neno lake la kwanza kwangu tangu tukosane lilikuwa kwamba mimi ni mjinga tangu utotoni na hata mwalimu wetu wa darasa la pili alijua.

Nikasema basi tutupe. Akanishangaa. Mmeru gani anatupa miraa ya heshima kwenye takataka, tena iliyofungwa kwa ustadi vile? Na karatasi za gari zilikuwa bado. Basi tukanunua njugu na chingamu, tukaketi nyuma ya kibanda, upande huu wa mpaka, tukatafuna. Tukaimaliza yote.

Mwanzoni kila mtu alitazama malori upande wake. Halafu Kiunga akasema hizi njugu si mbaya. Nikakubali kwamba si mbaya. Sijui nini kilifuata, ila midomo ilifunguka na haikufungika tena. Baba. Shule. Yule ng'ombe aliyekula sare ya Kiunga ikiwa kwenye kamba. Tuliugawa mti wa avokado mara kadhaa, kila mtu akimlazimisha mwenzake achukue zaidi. Tulivuka mpaka tukiongea, tukapita Longido tukiongea. Mama alipotuambia tunyamaze aombe, tuliomba pamoja naye, kwa sauti, mpaka akaacha.

Nilikuwa nimemkumbuka sana huyu mtu. Sikujua ni kiasi hicho.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijalala. Kiunga hajalala. Miraa imetufukuzia usingizi na njaa pamoja. Ntinyari alipika pilau, hatukuweza kumeza hata tonge moja. Akadhani tumesusia chakula chake. Ili kumtuliza tuliosha vyombo, tukahamisha makochi, tukarekebisha mlango ambao haukuwa umeharibika. Mwaniki anasema hajawahi kuona mashemeji wenye bidii namna hii. Alama kwangu.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya kanisa tuliketi sebuleni. Mama alikuwa amempakata mtoto. Ana masikio yangu kabisa. Nikasimama, nikakohoa, nikaanza hotuba.

Mama akaniambia nikae. Akasema hilo jambo lilikwisha Ijumaa, pale Longido. Kwamba mimi mwenyewe, mkono ukiwa begani mwa ndugu yangu, nilitangaza kwamba mtoto aitwe Kiunga, na nikigeuka nisikaribishwe tena Meza ya Bwana. Kumbe nilisema. Nikakumbuka. Nilisema mara tatu.

Nikajitetea kwamba si mimi niliyekuwa nikisema, ilikuwa miraa. Mama akainua kichwa polepole, akauliza ni miraa gani hiyo. Mama ni mzee wa kanisa. Kiunga akaangalia dari. Nikasema hakuna miraa, nikaketi.

Mtoto anaitwa Kiunga. Kiunga mkubwa alilia. Nami nililia, na kila mtu akasema ni upendo. Nusu ulikuwa upendo.

Jumatano, 13 Agosti

Nyumbani. Asubuhi Kiunga amekuja dukani na kikapu cha avokado, amenichagulia zile kubwa. Tumekunywa chai. Amenipasha habari: mkewe ni mjamzito, na wavulana anao wawili tayari. Akija wa tatu ni Kathuri, ndugu ya baba, hakuna mjadala. Amenipa mkono. Nikajifanya natafuta viatu chini ya meza.

Jioni nimefikiria vizuri. Neno la mtu aliyekunywa chai tupu lina uzito gani? Mimi niliahidi kwa miraa, na Mama alinibana kama Sheria ya Musa. Kiunga naye inafaa aahidi vivyo hivyo, Mama akisikia.

Kosa langu nimeliona. Nilitafuna. Safari hii atatafuna yeye, mimi nitashika njugu.

Nimemwagiza mzee wa Gakoromone kifurushi kingine, kikubwa zaidi. Nimeandika kwenye grupu kwamba kusafiri pamoja nje ya nchi huimarisha familia, kwa hivyo turudi Arusha Desemba. Kagwiria ameniuliza itakuwaje tukifika mpakani kabla Kiunga hajaimaliza.

Nimemwambia tangu lini majani yakahitaji pasipoti.