Kufuli la Meneja Shigela

Wananchi wa Bariadi mnatangaziwa kwamba Jumamosi umeme utazimwa kwa mpango. Si kule kuzimika mlikokuzoea, kusikoaga mtu. Huku ni kuzima kistaarabu: kuna kamati, kuna kaulimbiu, na saa kumi jioni kamili umeme utarejea.

Tangazo hilo Meneja Shigela alilisoma redioni mwenyewe, kwa sauti aliyoifanyia mazoezi bafuni. Alikuwa na sababu. Bi Domitila, Mkurugenzi kutoka makao makuu, alikuwa anakuja kushuhudia, na Dodoma kulikuwa na cheo kinachosubiri mtu. Umeme ukirudi kwa wakati, Shigela anahama na makochi yake. Usiporudi, atazeekea palepale, na mkewe alishawaaga majirani.

Jumamosi asubuhi mafundi wa Kituo cha Umeme cha Mahona walizima swichi kubwa. Kila anayeingia kwenye mitambo hutundika hapo kufuli lake na kubaki na ufunguo. Mpaka kila mmoja afungue la kwake, umeme hauwashwi. Ndiyo maana hurudi nyumbani wazima. Shigela alipowaona wapiga picha, naye akatoa kufuli. La shaba, kubwa kuliko yote.

"Mkuu, hapo wanafunga wanaoshika mitambo tu," alisema Esteria, msimamizi wa zamu.

"Kwani mimi nimeshika nini, Esteria? Si nimeshika kituo kizima!"

Akafunga, akapigwa picha, ufunguo akauvaa shingoni kwa utepe mwekundu. Akaelekeza kwamba asisumbuliwe kwa simu, na atakayegusa kufuli la mwenzake hana kazi. Kisha akampeleka mgeni hotelini kula sato wa Lamadi.

Saa kumi ilipofika, feni ya hoteli haikutikisika. Saa kumi na moja, bado. Bi Domitila aliitazama feni, akamtazama Shigela. Mjini hakuna aliyelalamika, maana hakuna aliyekuwa ameamini.

Walifika kituoni mbio. Mafundi walikuwa kivulini wakitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Mwadila, mkuu," Esteria alisalimia. "Kazi tulimaliza saa nane."

"Mmemaliza? Sasa nani anawanyima watu umeme?" Shigela alimgeukia mgeni, kifua mbele. "Mkurugenzi, natamka mbele yako: anayechelewesha umeme huu, awe nani awe, hana kazi kuanzia sasa. Na nyumba ya kituo anahama leo hii!"

"Safi sana. Nimepitisha," alisema Bi Domitila. "Ni nani huyo?"

Fundi mmoja alikohoa. Kwenye swichi lilikuwa limebaki kufuli moja, linang'aa.

"Tulipiga simu hotelini mpaka tukachoka," Esteria alisema taratibu. "Tukaambiwa usisumbuliwe."

Mkono wa Shigela ulipanda wenyewe hadi kwenye utepe. Akauvua, akaenda kufungua kufuli lake.

Umeme ulirudi, na zoezi likatangazwa kuwa limefanikiwa kwa asilimia mia moja. Shigela alihama jioni ileile na makochi yake, kama alivyopanga. Mkewe hakupoteza muda kwa majirani, alishawaaga.