Turubai la Kuzuia Mnada

Jumatatu, 4 Agosti

Siku mbaya. Saa tano asubuhi gari la matangazo limepita mtaani kwetu hapa Mbagala, spika mbili juu, likitangaza kwamba nyumba ya Khalfani Mtipa itapigwa mnada Jumamosi saa nne. Jina kamili! Nilijibanza nyuma ya pazia.

Tabu, mke wangu, ameuliza kwa sauti ya chini, ile ninayoiogopa, benki wameanza lini kuniandikia. Nikamweleza kuwa barua usiyoisoma ni kama hujaipokea. Hakuafiki. Nyumba hii tumeijenga miaka kumi na moja, tofali kwa tofali, na nusu ya matofali hayo ni vitumbua vyake. Mwaka jana alisaini kuridhia niiweke rehani, nikalime matikiti Mkuranga. Kwenye simu hesabu ilipendeza sana. Shambani yakaoza yote.

Barua ya mwisho nimeisoma ukurasa wa kwanza. Inatisha. Wa pili niliukunja nikauweka chini ya mguu wa meza, maana ilikuwa inacheza, na mtu hawezi kuandika shajara juu ya meza inayocheza.

Jirani yangu Gregori, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ameonekana akipima ukuta wetu kwa futi kamba. Anadai anapima wa kwake. Ukuta wenyewe ni mmoja!

Jumanne, 5 Agosti

Nimeamka na akili. Nimeandika ukutani kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Dar nzima watu huandika hivyo, na matapeli hukimbia.

Hadi adhuhuri wamekuja madalali wanne kuuliza bei. Wa nne amenieleza kwa upole kwamba nyumba isiyouzwa haiandikwi kitu. Rangi nilikopa dukani kwa Gregori.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango mpya. Nani atanunua nyumba yenye jini? Nimekwenda kwa kinyozi, nikalalamika kama bahati mbaya tu kwamba kuna kitu kinatembea darini kwetu. Kufika alasiri mtaa mzima una habari.

Jioni Petro, mpangaji wetu wa chumba cha uani, amebeba godoro akahama. Kodi yake ndiyo ilikuwa pesa pekee ya uhakika humu ndani. Gregori yeye ameuliza kama jini linapunguza bei.

Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi Tabu alikuwa anafagia. Akasogeza meza, akaokota ile karatasi, akakaa chini kuisoma. Akavaa gauni la sherehe, akatoka bila kuaga. Meza imeanza kucheza tena. Hakuna anayenijali.

Karudi saa tisa, anasema ana neno la benki. Nikamwonyesha kiganja asubiri. Nilikuwa kwenye simu napatana bei ya turubai na viti hamsini. Wazo limenijia kama radi: dalali gani, mwenye mama aliyemzaa, atanadi nyumba yenye msiba? Baadaye Tabu akaanza tena. Nikamwambia aniambie Jumamosi jioni, nyumba ikishapona. Akaenda kuroweka mchele wa vitumbua.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Tabu kaondoka alfajiri kwenda kwa dada yake Bunju, atarudi kesho. Afadhali. Turubai limesimama saa sita.

Majirani wakauliza kafa nani. Hilo sikuwa nimelifikiria! Mdomo ukasema wenyewe: Mjomba Jamali wa Lindi. Chaguo zuri, yuko mbali na hajawahi kututembelea.

Kina mama wamekuja na masufuria na kuni. Gregori kaleta kilo ishirini za mchele na bahasha ya rambirambi, akalia kuliko mimi. Nikasikia aibu ya kweli moyoni. Lakini nyumba ni nyumba.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa nne kamili dalali wa mnada, Bwana Ansbert, amefika. Akaona turubai. Akavua kofia! Akanipa pole, akanikabidhi bahasha ambayo sikuifungua, akakaa kwenye viti vya nyuma, akala ubwabwa. Mnada hakuna. Ushindi!

Saa tisa Mjomba Jamali akatokea. Mzima, na kibegi mkononi, akijitambulisha kwa jina. Habari ya kifo chake ilimfika jana, akapanda basi la kwanza aje aone mambo. Sahani zilianguka. Gregori aliruka ukuta, ule ule aliokuwa akiupima. Nikasema shikamoo mjomba. Aliomba chakula, akala sahani mbili za msiba wake mwenyewe.

Tabu akaingia katikati ya hayo. Akaifungua bahasha mbele za watu, akaisoma: mnada umesitishwa tangu Alhamisi. Kumbe ukurasa wa pili, ule wa chini ya meza, ulisema mkopaji aliyekwama afike kwa ofisa mikopo kabla ya mnada. Tabu alikwenda. Ofisa, Bi Nusaiba, alimwambia benki haina shida na nyumba za watu, inataka marejesho, na kwamba miezi minne alikuwa anasubiri mtu aje tu aongee. Tabu akatoa akiba yake yote ya kikoba kupunguza malimbikizo, deni lililobaki likapangwa upya, kidogo kidogo kwa miaka mingi. Bwana Ansbert alileta nakala tu. Anasema, mie niliona msiba, nikaona si vizuri kuondoka haraka.

Tabu alifuta machozi kwa kanga. Na mimi nililia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimerudisha rambirambi zote, isipokuwa mchele, ambao Mjomba anaendelea nao. Hasemi ataondoka lini.

Nimetafakari kwa utulivu. Tabu kasaidia, sikatai. Lakini aliyevua kofia alivua kwa sababu ya turubai. Niliona kwa macho yangu! Mji huu una watu wangapi wanaotangaziwa mnada? Wote wanahitaji turubai. Maturubai saba na viti mia tatu, mtaji si mkubwa. Kesho nitamwona Bi Nusaiba aniongezee mkopo. Uzuri ni kwamba hati ya nyumba tayari iko kwao, sina haja hata ya kuibeba.

Mwandiko leo ni mbaya kwa sababu ya meza. Bahati nzuri barua mpya ya benki ina kurasa mbili. Wa kwanza nimeusoma: pongezi, makubaliano, mihuri. Wa pili una tarehe tarehe tu. Nimeukunja mara nne, na meza imetulia kabisa.