Daktari wa Kompyuta na Pikipiki Nyekundu

Mwaka ule wa tisini na tisa, kompyuta za nyumbani Lodwar zilikuwa chache kuliko miavuli, na Shadrack alizijua zote kwa majina ya wenyewe. Mtu wa Kitale huyu. Koti la ngozi kwenye joto linalofukuza mijusi kivulini, viatu vinang'aa, maneno matamu kama chai ya harusi. Kazi yake tumpe heshima tuiite udaktari, maana majina mengine yake hayasemwi mbele ya watoto.

Siku alipomwona Ekidor, tajiri wa samaki kutoka Kalokol, akiegesha pikipiki nyekundu mlangoni na kuingia sebuleni kwenye kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, Shadrack alisimama juani akalisahau jua lenyewe. Mchanga wa Turkana ulikuwa umemla visigino. Aliitaka ile pikipiki, jamani, aliitaka.

"Ejok, mzee Ekidor! Nimekuletea zawadi," akasema, akatoa disketi. "Mchezo wa karata. Bure kabisa."

"Bure?"

"Bure, mzee wangu. Mimi na wewe tuuziane?"

Ekidor akacheza karata jioni nzima, roho kwatu. Kesho yake alipoketi kuwaandikia wanunuzi wake, kidirisha kikachomoza katikati ya skrini: dawa ya kupunguza tumbo. Akakifunga. Kikachomoza kingine: kamari. Akakifunga. Wakaja wanawake wa kizungu watatu, wamevaa nguo za kuogelea, wanamchekea. Akachomoa waya wa simu. Wanawake wakazidi kucheka.

"Hawa wageni watakula nini?" akauliza Awoi, mke wake, mikono kiunoni.

Ekidor hakuwa na mchezo tena. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya kanisa, na kamati ingekutana pale pale sebuleni Jumapili, na mchungaji akiwemo. Kuizima hawezi, hesabu za harambee zimo humo na lazima zisomwe. Alijaribu kuning'iniza kile kitambaa juu ya skrini, lakini kilikuwa cha matundu, na kila tundu likamwonyesha goti la mtu.

Nani huyo anapita nje kwa bahati tu? Shadrack.

Alikagua mashine kwa utaratibu wa hospitali. Akaigusa paji la uso. Akaisikiliza kwa nyuma. Akaguna.

"Mzee, hii imeambukizwa. Ningechelewa kidogo, ingekufa na hesabu zako zote."

"Dawa ipo?"

"Ipo." Akatoa disketi ya pili, akaipiga busu. "Lakini dawa hii, mzee, haiuzwi kwa pesa. Nipe pikipiki."

Awoi akakohoa. Ekidor akamtazama daktari, akatabasamu.

"Tibu kwanza."

Disketi ikaingia, ikalia krr krr, na wanawake wakaondoka hata bila kuaga. Shadrack akanyoosha mkono apewe ufunguo. Ekidor akaushika ule mkono, hakuuachia.

"Nikulipe kama kibarua? Mtu aliyeniokoa na aibu? Hapana. Leo wewe ni lopaekang, rafiki yangu. Nachinja."

Akachinja mbuzi, akaita ndugu na majirani washuhudie. Shadrack akapewa nyama nzuri, akala mpaka akafungua kifungo. Ekidor akamwekea ufunguo kiganjani mbele ya watu wote.

"Rafiki ameomba, rafiki amepewa. Kwetu ni hivyo."

Maneno hayo yalihitaji kusikilizwa na masikio yote mawili, lakini daktari wetu alikuwa anasikiliza mfupa. Kwa shibe akaanza hata kujigamba: kesho anakwenda Kakuma, yuko Kon, yule Msudani mwenye studio ya picha kambini, kompyuta yake nayo ni mgonjwa mahututi.

"Kon amekuita?" akauliza Ekidor.

"Bado. Ataniita tu."

Asubuhi Shadrack alikuwa ameshapanda pikipiki, akijiona yuko Kakuma tayari, Ekidor akaja polepole, mswaki mdomoni.

"Rafiki, koti lako zuri. Naomba."

Shadrack akacheka. Ekidor hakucheka. Majirani waliokula mbuzi walikuwa wameegemea ua, wanangoja kuona huyu ni mtu wa namna gani. Nyama ya watu iko tumboni, utasema nini? Akavua koti.

"Na viatu. Vitanitosha."

Akavua viatu.

"Na ile disketi ya dawa. Mke wangu ana wasiwasi."

Akatoa, jasho linamtiririka na koti hana.

"Haya, rafiki, la mwisho," akasema Ekidor kwa upole. "Nina safari. Naomba pikipiki."

"Lakini umenipa jana!"

"Ndiyo. Kama ningekuwa sikukupa, ningekuombaje leo?"

Shadrack aliingia Kakuma kesho yake juu ya lori la mkaa, pekupeku, mweusi mpaka nyusi, moyo umemuuma njia nzima. Akajipa moyo: Kon bado yupo, na Kon ataibembeleza dawa. Dawa ataitoa wapi? Atajua mbele. Akaruka ruka kwenye mchanga wa moto hadi studio.

Nje ya mlango ilikuwa pikipiki nyekundu. Ndani kulikuwa na harufu ya nyama choma, na Kon, mrefu mpaka dari linamwogopa, akimmiminia chai mtu aliyevaa koti la ngozi.

"Karibu, rafiki!" Ekidor akaita. "Tulikuwa tunakutaja. Kon hapa ananiambia naye alipewa karata za bure, na mtu wa Kitale. Nikamtibu. Amechinja. Sasa na yeye ni rafiki yangu."

Kon akamtazama Shadrack kuanzia nywele hadi vidole vya miguu. "Kumbe ndiye huyu," akasema, akamsogezea kigoda. "Keti, daktari. Kula."

Shadrack alitaka kukimbia, lakini nje mchanga ulikuwa unachemka. Akaketi. Akala, amefedheheka kweli kweli. Halafu, kwa kuwa hakuwa mjinga hata kidogo, akafuta mikono na kujaribu njia ya wenyeji.

"Ekidor, rafiki yangu. Naomba pikipiki."

"Heee!" Ekidor akapiga makofi kwa furaha. "Sasa umejifunza! Umeomba vizuri. Tatizo ni kwamba Awoi aliniomba jana kabla sijaondoka. Ni yake. Mimi mwenyewe nimeazimwa tu."

"Basi nipe chochote. Miguu inaungua."

Ekidor akafikiri, akatoka, akarudi na ndala za akala, nyembamba na zimejikunja, zimekatwa kwenye gurudumu kuukuu.

"Rafiki hanyimwi," akasema, akainama kumvisha mwenyewe. "Hili ni tairi la ile pikipiki. La nyuma."