Mkataba Chini ya Mguu wa Benchi

Redio ya kinyozi haikuwa imemaliza kusema "keshokutwa" na tayari kijiwe kilikuwa kimegawanyika. Keshokutwa wananchi watapiga kura ya maoni: nchi iingie kwenye Shirikisho pamoja na majirani, Ndiyo au Hapana.

"Hapana!" alisema Breki, dereva wa lori aliyeitwa hivyo kwa sababu lori lake halikuwa nazo. "Mipaka yote naijua mimi. Tukiungana, foleni nazo zitaungana."

"Unaongea kama mtu ambaye hajasoma mkataba," alisema Mheshimiwa, karani mstaafu. Uheshimiwa alipewa na kijiwe, na hakuwahi kuukataa.

"Wewe umeusoma?"

"Nimeuzingatia."

Kinyozi alitokeza mlangoni na mkasi, mteja wake kabaki ndani na nusu ya nywele. "Tuulizane la maana. Rais wa wote atakaa wapi? Akikaa kwao, sikubali. Akikaa kwetu, tutafungiwa barabara kila siku."

Mama Birika alikuwa akimimina kahawa na kusikiliza. Marehemu mumewe alimwachia birika mbili na binti mmoja. Binti kaolewa ng'ambo ya mpaka, na mwezi ujao anajifungua mtoto wa kwanza. Safari iliyopita mama alirudishwa getini kwa kuwa kibali kilikosa muhuri. Walipungiana mikono, mmoja huku na mwingine kule, kisha kila mtu akarudi na kikapu chake.

"Eti jamani," aliuliza, "tukiungana, nitakwenda kumpokea mjukuu bila kibali?"

"Swali zuri sana, mama," alisema Mheshimiwa. "Ila kwanza tumalize la wimbo wa taifa."

Wakalimaliza. Nchi saba, kila moja beti mbili, na Breki akaapa kwamba goti lake haliwezi kusimama beti kumi na nne. Wakaingia kwenye bendera. Kinyozi alitaka rangi za wote zichanganywe.

"Zitatoa kahawia," alisema Mheshimiwa.

"Kahawia haionyeshi uchafu."

Hilo wakalipitisha. Mama Birika akauliza tena.

"Mama, vibali niulize mimi," alisema Breki. "Vitakuwa viwili."

"Acha fiksi! Vinafutwa," alisema Mheshimiwa.

"Mkataba unasemaje?" aliuliza Mama Birika.

Kila mmoja alijua mkataba ulipo. Watu wa elimu ya uraia walileta nakala moja kwa mtaa mzima, kurasa mia nne na ushee, wakaikabidhi kijiweni. Wiki hiyohiyo mguu wa benchi walilokalia ukavunjika. Mkataba ukaingizwa pale; unene ulikuwa uleule. Tangu hapo hakuna aliyewahi kuulalamikia mkataba kwa upande wa uimara.

"Nyanyukeni," alisema Mama Birika.

Hakuna aliyejitikisa. Sheria ya benchi ile ilikuwa moja tu: ukinyanyuka, nafasi imekwenda mpaka kesho.

"Aanze Breki, ndiye anayepinga."

"Aanze anayeunga mkono, aonyeshe imani!"

"Basi tunyanyuke kwa pamoja. Kinyozi ahesabu, hana kiti," alisema mmoja wa benchini.

"Kinyozi huyu? Nafasi yangu anaimezea mate tangu mwaka jana!" alisema Mheshimiwa.

Mama Birika akafunika birika. "Leo kahawa ni ya waliosimama."

Wakasimama. Ukiacha bendera, ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile pande zote kukubaliana.

Akakichomoa kitabu, akakifuta vumbi kwa upindo wa nguo, akavaa miwani, akamtaja Mungu. Alisoma vichwa vya vifungu kwa kidole, kama alivyofundishwa shule ya msingi, neno baada ya neno. Wanaume walisubiri wima. Goti la Breki lilistahimili. Akafika ukurasa wa mia mbili na kumi na moja.

"'Mzazi, mtoto au mwenza atavuka mpaka kwa kitambulisho cha nchi yake, bila kibali.'" Akarudia mstari. "Wameandika mzazi."

"Endelea, mama," alisema Mheshimiwa. "Masharti hayakosi."

"'Baada ya nchi zote kuridhia.'"

"Miaka kumi hiyo," alisema Breki.

"Basi mjukuu atakuwa anatembea. Atanisubiri getini mwenyewe."

Akauchana ukurasa ule taratibu, akaukunja mara nne, akauweka ndani ya kitabu chake cha sala. Kilichobaki akakirudisha chini ya mguu. Benchi likajaa kwa mbio. Kinyozi akawahi nafasi ya Mheshimiwa, ambaye alibaki wima na heshima yake. Ndani, mteja alikohoa.

"Limeinama," alisema Kinyozi.

"Karatasi moja tu," alisema Breki.

"Mimi nimelihisi." Akamgeukia Mama Birika. "Sasa mama, keshokutwa ni Ndiyo au Hapana?"

"Kura ni siri, baba," alisema, akifunua birika. "Sogea kushoto, utamwaga kahawa."